Mkono Nao Hufundishwa

Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi viligawiwa walimu nchini. Mwalimu wa Mpanda aliyezoea simu ya vitufe aweza kukuta kioo kitupu: kurudi nyuma ni kutelezesha kidole kutoka ukingoni, kurudi mwanzo ni kukipandisha kutoka chini. Vijana wengi humpokonya chombo wakamtendea. Huko si kufundisha. Kitufe huonekana, ishara haionekani, hivyo haina budi kuonyeshwa, kisha mwanafunzi aitende mwenyewe, moja baada ya nyingine, hata mkono uzoee. Ndivyo tumfunzavyo mtoto wa darasa la kwanza kushika kalamu. Ndugu mwalimu mtarajiwa, mvumilie mwenzako mzee. Chombo kikifungiwa kabatini kwa sababu ya aibu, anayepata hasara ni mtoto.