Dawa ya Ukungu ni Kinga, si Tiba

Kila masika, katika milima ya Lushoto na Mgeta na kwenye miteremko ya Mlima Meru, wakulima wa nyanya hupambana na adui yule yule: bakajani chelewa. Ugonjwa huu hupenda baridi na unyevu. Majani hupata mabaka ya majimaji, yakageuka kahawia, kisha mashina na matunda nayo yakaoza. Shamba zima laweza kuteketea kabla ya wiki mbili kwisha. Ndio huo huo ulioangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi.

Dawa zipo. Kinachokosekana ni maarifa ya kuzitumia, wala si haki lawama yote kumwangukia mkulima. Neno "dawa" lenyewe humpoteza. Mgonjwa hunywa dawa baada ya kuugua. Mkulima naye husubiri mabaka yaonekane ndipo aende duka la pembejeo. Lakini mankozebu, inayotumika sana, pamoja na zile za shaba, hukaa juu ya jani tu na kuzuia ugonjwa usiingie. Jani lililokwisha kushambuliwa hazilirudishii uhai, na mvua kubwa huziosha. Zapaswa kuutangulia ugonjwa.

Zipo nyingine, kama metalaksili, ambazo hupenya ndani ya mmea. Hizi nazo ziliaminiwa kupita kiasi. Zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, na ilipofika 1980 mashamba ya viazi ya Ayalandi na Uholanzi yalikwisha kuwa na vimelea visivyozijali. Ndiyo sababu haifai kurudia dawa ya aina moja msimu mzima, wala kuzidisha kipimo kila inaposhindwa.

Kuzidisha huko kunamhusu hata asiyelima. Nyanya huchumwa kila baada ya siku chache, na lebo ya dawa hutaja siku za kungoja kati ya kunyunyizia na kuvuna. Mkulima ambaye lori la mchuuzi limekwisha simama barabarani, je, atangoja? Matunda yenye unga mweupe hufika sokoni, na kachumbari yake huliwa na karani wa wilaya kama inavyoliwa na mwingine yeyote.

Hapo ndipo kazi ya mtumishi wa umma inapoanza. Bwana shamba anayengoja kuitwa huitwa shamba likiwa limekwisha ungua. Na vipimo vyenyewe ni hesabu tupu. Tuseme lebo inataka kilo 2.5 kwa hekta, naye mkulima ana robo ekari na bomba la lita 20. Robo ekari ni takriban sehemu ya kumi ya hekta, kwa hiyo gramu 250 zinamtosha. Akinyunyizia mabomba matano, kila bomba litahitaji gramu 50. Mwanafunzi wa darasa la saba aiweza hesabu hiyo, ilhali wako wazazi wanaopima kwa kiganja au kifuniko cha chupa. Mwalimu aweza kuiandika ubaoni Februari, mvua kubwa hazijaanza, na bwana shamba akafika siku hiyo na mzani.