Vijana wa Magu na Tanga

Mwaka 1977 Oman ilinunua merikebu ya matanga iliyoundwa Scotland mwaka 1971, ikaiita Shabab Oman, yaani Vijana wa Oman. Katika merikebu za namna hiyo kijana hukwea mlingoti, hushika zamu usiku wa manane na kusugua sitaha. Tanga halimjui mtoto wa mkubwa.

Magu iko kando ya Ghuba ya Speke. Hata hivyo, kijana wake aweza kumaliza shule akiijua ramani ya ziwa ubaoni, asijue kuogelea. Katika ziwa hilo MV Bukoba ilizama mwaka 1996, na MV Nyerere mwaka 2018, mamia walikufa. Merikebu ni ghali, hakuna abishaye. Lakini mtumbwi mmoja wa tanga, majaketi okozi na mvuvi mzee wa kufundisha havizidi uwezo wa halmashauri.