Picha ya Amin katika Chumba cha Majengo

Kulikuwa na chumba kimoja katika Majengo ya Pumwani, mwendo wa dakika chache kutoka Msikiti wa Riyadha, chenye mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni na televisheni moja iliyoinuliwa juu ya kabati, ambamo katika miaka ya themanini sisi vijana tulitoa shilingi zetu ili tutazame picha zilizotangazwa kwa chaki katika ubao wa nje. Na miongoni mwa zote zilizopita humo, za Wachina wanaoruka na za Wahindi wanaoimba, hapana iliyowagawanya watazamaji kama ile iliyosimulia kupanda na kuanguka kwa Idi Amin Dada.

Picha hiyo ilitoka mwaka 1981. Aliiongoza Sharad Patel, nayo ikapigwa hapa hapa Kenya wakati makaburi ya vita vilivyomwondosha Amin Kampala, Aprili 1979, yangali mabichi. Na aliyevaa magwanda na nishani za jabari yule alikuwa Mkenya mwenzetu wa Siaya, marehemu Joseph Olita, aliyefariki mwaka 2014. Nimewaona waigizaji wengine waliovaa sura ya Amin baada yake, akiwamo mmoja aliyepewa tuzo ya Oscar, walakini hakuna aliyenitia baridi ya mwili kama Olita, hasa alipocheka. Tena yumo ndani ya picha hiyo Denis Hills, mwalimu wa Kiingereza ambaye mwaka 1975 alihukumiwa kifo kwa ajili ya maneno aliyoyaandika juu ya Amin, akaachiliwa baada ya James Callaghan, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwenda mwenyewe Kampala kumtwaa. Hills aliigiza nafsi yake. Ni nadra mja kujaliwa kuuigiza mbele ya kamera msiba aliokwisha kunusurika nao.

Lakini chumba chetu hakikujaa kwa ajili ya Hills. Kilijaa kwa ajili ya jokofu. Walioiona picha mara ya pili walianza kunong'ona kabla ya wakati, "Sasa hivi! Sasa hivi!", na mlango wa jokofu ulipofunguliwa na vichwa vya watu vikaonekana ndani vimehifadhiwa, chumba kizima kilipiga ukelele mmoja, kikanyamaza, kisha kikacheka. Wengine walikuwa watoto wa miaka tisa. Sheria ya filamu, Sura ya 222, ilikuwapo tangu mwaka 1963, ila mlangoni pale hakuna aliyeulizwa umri; iliulizwa shilingi.

Tulipotoka nje, kwenye moshi wa mishikaki, ndipo rai zilipogongana. Wako waliosema kwamba hiyo ni sinema tu, na mwenye moyo mwepesi asiingie. Hoja hii huipenda kila kijana, na mimi niliwahi kuitetea kwa sauti kubwa. Leo naiona ni dhaifu kuliko zote. Picha inayotaja mtu kwa jina lake na la baba yake, mtu ambaye siku zile alikuwa hai akila na kunywa Saudia, wala hakufa mpaka Agosti 2003 huko Jeddah, haina ruhusa ya kujificha nyuma ya neno "tu". Imekopa majina ya waliokufa ili ipate watazamaji, na aliyekopa hudaiwa.

Walio wengi, kinyume cha hao, waliiamini picha nzima. Rafiki yangu niliyeketi naye benchi moja, ambaye sasa ana wajukuu, husimulia habari ya vile vichwa kana kwamba yeye ndiye aliyelifungua jokofu. Msingi wa visa vya namna hiyo ni uvumi, na kwa sehemu ni majigambo ya Amin mwenyewe: Henry Kyemba, waziri wake wa afya aliyekimbia mwaka 1977 akaandika kitabu, alisema kwamba alimsikia Amin akijisifu kuwa amepata kula nyama ya binadamu. Baina ya majigambo ya dhalimu na ushahidi pana masafa marefu. Kadhalika kifo cha Kay, aliyekuwa mke wa Amin, mwaka 1974. Maiti yake ilikutwa imekatwa viungo, na picha ya mwaka 2006, The Last King of Scotland, inamtwisha Amin kitendo hicho kama adhabu ya hiana. Ilhali Kyemba, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumpendelea bwana wake wa zamani, aliuelekeza mkono uliokata kwa tabibu aliyekuwa mpenzi wa bibi yule, ambaye naye alijiua.

Msomaji ataniuliza: kuna faida gani kumpunguzia dhambi mbili mtu ambaye waliouawa katika enzi yake hukadiriwa tangu 80,000 hadi 300,000 na zaidi? Simpunguzii. Nasema kwamba jokofu linazificha zile nyingine. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa katika jengo la Mahakama Kuu, mchana, akatoweka. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Julai 1976 Dora Bloch, ajuza wa miaka sabini na mitano au karibu yake, alitolewa kitandani katika hospitali ya Mulago akauawa, kulipiza kisasi cha uvamizi wa Waisraeli waliokuja Entebbe kuokoa mateka. Na idara iliyokuwa ikiwatia watu katika buti za magari na kuwapeleka Nakasero haikuitwa idara ya mauaji: iliitwa Idara ya Utafiti wa Taifa. Kitisho chenyewe kilikuwa na meza, kalamu, mashati yaliyopigwa pasi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Hayo hayamfanyi mtoto wa Majengo apige ukelele, na mpiga picha anayetafuta ukelele huyapita mbio.

Si Afrika peke yake iliyofanyiwa hivi. Marekani, mwaka 1957, katika jimbo la Wisconsin, alikamatwa mtu aitwaye Ed Gein, aliyeua wanawake wawili na kufukua makaburi. Na mwaka 1974 ikatoka picha iliyochukua baadhi ya mambo yake, ikayahamishia Texas, ikatia msumeno wa injini ambao Gein hakuutumia kamwe, kisha ikawatangazia watazamaji kwamba ndivyo ilivyokuwa. Hadi leo wako wanaoapa.

Wako pia waliochukia kwa sababu nyingine, nao mtaani kwetu hawakuwa wachache. Majengo ni mtaa wa Waislamu tangu ulipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya ishirini, na nyumba nyingi zina jamaa Kampala, Jinja au Bombo. Kumtazama jabari mwenye jina la Alhaji akifanya machukizo yale mbele ya umati unaocheka kuliwachoma, wakasema picha imetengenezwa kuitukana dini. Siwapi haki, maana aliyeiaibisha dini ni yule aliyeuchanganya uhaji na damu, si aliyempiga picha. Lakini ndani ya hasira yao mna chembe ya kweli nisiyoweza kuitema. Baada ya 1979 Wanubi na watu wa Nile Magharibi wengi waliandamwa Uganda, wakakimbia, kwa sababu ya jinai za mtu waliyehesabiwa kuwa jamaa zake. Ukimgeuza muuaji kuwa zimwi, huchelewi kuwageuza watu wake wote kuwa watoto wa zimwi.

Na zimwi halina historia. Hapo ndipo ninapokosana na picha hii, ambayo hata hivyo singetaka ipigwe marufuku. Zimwi hutoka porini likiwa limekwisha kukamilika. Halikufundishwa na mtu, halikupandishwa cheo na mtu. Amin alifundishwa, na sehemu ya mafunzo yake yalikuwa hapa kwetu, katika jeshi la King's African Rifles ambalo wazee wetu waliliita Keya, alipoletwa kupigana na Mau Mau. Mwaka 1962, akiwa Luteni, mmoja wa Waganda wawili tu waliokwisha kupewa uofisa, alipelekwa Turkana kuzima wizi wa mifugo, na kikosi chake kikatuhumiwa kutesa na kuua wachungaji. Wakubwa wa Kiingereza walizijua tuhuma hizo. Uhuru wa Uganda ulikuwa umebakiza miezi, ikaonekana si siasa njema kumshitaki ofisa mweusi wakati ule, na Obote, waziri mkuu wa Uganda siku zile, akaona karipio latosha. Kama kuna onyesho moja ambalo ningelipa shilingi yangu kulitazama, ni lile la mabwana wale mezani, faili wazi mbele yao, wakikubaliana kwa upole kwamba damu ya Waturkana ingoje. Damu hiyo ni ya Kenya, na picha ilipigwa Kenya.

Nimesema rai ziligongana, na nimebakisha moja. Palikuwa na mzee aliyekuja usiku mmoja baada ya sala ya isha, kanzu yake imekunjwa magotini asiipake vumbi la benchi, akaketi nyuma kabisa peke yake. Sote tulijua kwamba ndugu yake alikuwa fundi cherehani Jinja, na kwamba hajarudi. Maana ndege za Waisraeli zilitiwa mafuta Nairobi zikitoka Entebbe, na baada ya hapo Wakenya waliokuwa Uganda waliwindwa na kuuawa, zaidi ya mia mbili kwa hesabu iliyozoeleka, watu wa biashara ndogo ndogo na kazi za mikono, wengi wasiojua hata jina la rubani mmoja. Mzee hakushtuka mbele ya jokofu. Entebbe ilipofika aliinuka kidogo akashika benchi la mbele yake, akatazama ndege zikitua, mateka wakiokolewa, Amin akighadhibika, naye akaendelea kusimama hivyo hivyo mpaka vita vya Tanzania vilipoanza, ndipo akaketi.

Taa ilipowashwa sisi tulitoka tukiigana sauti ya Olita. Yeye alimwendea mwenye kibanda, akamwuliza kwa adabu kama picha ile ina sehemu ya pili.

"Haina, mzee," akajibiwa. "Lakini kesho tuna Rambo. Hiyo iko nayo."