Uliza kwanza, tengeneza baadaye

MSOMAJI mpenzi, umewahi kumwonyesha rafiki kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako, ukamwuliza kama ni kizuri? Alikujibu nini? Bila shaka alisema ni kizuri. Angesema nini tena, nawe umesimama mbele yake ukitabasamu?

Swali hilo lilinijia mwezi wa Agosti nilipomtembelea dada yangu huko Endebess, chini ya Mlima Elgon, kwenye barabara itokayo Kitale kuelekea Suam mpakani mwa Uganda. Kule mahindi ndiyo karo, ndiyo mahari, ndiyo dawa ya mtoto akiugua. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, alinipokea na kifaa mkononi: kipande cha bomba la chuma chenye meno kwa ndani. Unatia hindi, unazungusha, punje zinadondoka na gunzi linabaki mkononi.

"Unaonaje, mjomba?"

"Kazi safi sana," nikamjibu, kisha nikaendelea na chai yangu.

Jioni dada akanieleza kwamba amekubali kumuuza mtamba wake mmoja wa pekee, ili kijana apeleke pesa kwa fundi wa jua kali mjini Kitale na kutengenezewe vifaa 200 kabla ya mavuno. Hapo ndipo nilipoona uzito wa maneno yangu. Nilidhani nimetoa sifa za bure, kumbe sifa hizo zilikuwa na pembe na mkia!

Kijana hakuwa mzembe. Alikuwa amewauliza majirani 20 kama kifaa ni kizuri na kama watakinunua. Wote 20 walisema ndiyo. Nikamwuliza, "Na ni wangapi waliokupa hata shilingi 50 za arbuni?" Akanyamaza.

Majirani wale hawakuwa waongo. Walikuwa watu wenye adabu. Nani atamvunja moyo mtoto wa jirani aliyekuja na kitu mkononi na matumaini usoni? Ukimwuliza mtu kuhusu kesho, atakujibu kwa upole, kwa sababu upole haugharimu chochote. Mwulize kuhusu jana na lazima akumbuke.

Basi tukakubaliana na dada kwamba mtamba abaki zizini kwa juma moja. Mimi na kijana tukanunua daftari moja na kalamu mbili, tukazunguka boma kwa boma siku mbili. Kifaa tulikiacha nyumbani kwa makusudi. Tuliuliza mambo matatu tu: Msimu uliopita uliyapukuchua mahindi yako vipi? Ilikugharimu pesa ngapi, au siku ngapi? Na katika kazi yote, tangu kuvuna hadi kuuza, ni wapi ulipoumia zaidi?

Tulifika kwenye boma 14. Watano walikuwa wamekodi mashine ya kuvutwa na trekta, wakalipa kwa gunia. Tisa walikuwa wameyapiga mahindi kwa fimbo, wakisaidiwa na watoto waliofunga shule. Hakuna aliyelalamika sana. Ila 11 kati ya hao 14 walilitaja, bila kuulizwa, jambo ambalo halikuwa hata kwenye daftari letu: kukausha.

"Mwanangu," mama mmoja alimwambia mpwa wangu, "kupukuchua ni kazi ya siku moja. Kukausha ndiko kunakoninyima usingizi. Naanika asubuhi, mvua inakuja saa nane, nakimbia kama mwehu. Mwaka jana nilipeleka magunia sita, nikarudi nayo yote sita."

Ukweli ni kwamba Bodi ya Nafaka hutaka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mavuno ya Trans-Nzoia huja kuanzia Oktoba, wakati mvua mara nyingi haijaondoka. Tena hili si suala la bei peke yake. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi huota ukungu, na ukungu huo huweza kuleta sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, sumu hiyo iliwaua watu 125, wengi wao katika sehemu za Ukambani.

Usidhani, msomaji, kwamba maswali ya namna hii ni ya wanakijiji tu. Hata makampuni makubwa yamefunzwa na wateja. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio kuanzia Oktoba 2005 jijini Nairobi na Thika, ilikusudiwa kuwarahisishia wateja wa shirika la mikopo la Faulu kulipa madeni yao. Watu wale, ambao hawakufika hata 500, walipopewa huduma hiyo wakaitumia walivyotaka wenyewe. Walitumiana pesa. Wengine waliweka pesa kabla ya kusafiri na kuzitoa walikofika, wasije wakaporwa njiani. Waliokuwa wakisimamia majaribio waliyatazama hayo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, haikutangazwa kuwa ya kulipia mikopo bali ya kutuma pesa nyumbani. Mengine unayajua, kwani simu unayo.

Je, wewe mwanafunzi unayepanga kuuza sabuni ya maji bwenini, au wewe mama unayetaka kuanza kuwapelekea watu wa mtaa wako chapati, utafanyaje?

Kwanza, usiwaulize jamaa na marafiki peke yao. Wanakupenda mno kuweza kukuambia ukweli.

Pili, uliza waliyoyatenda, si watakayoyatenda. "Sabuni ulinunua lini mara ya mwisho, wapi, na kwa pesa ngapi?" ni swali bora kuliko "Utanunua yangu?"

Tatu, sikiliza kuliko unavyosema. Ukijikuta unakitetea kitu chako, ujue umeacha kuuliza na umeanza kuuza.

Nne, ukiisha kusikia, omba ahadi yenye uzito. Arbuni ya shilingi 50 ina maneno mengi kuliko sifa za saa nzima.

Mpwa wangu alinuna siku nzima. Si rahisi kukiweka kando kitu ulichokilalia macho. Siku ya pili alirudi kwenye boma zile 11 na swali jipya: kama angekuwa na maturubai mapana ya kukodisha kwa siku, nani angemlipa sehemu ya pesa sasa hivi ili awekewe nafasi? Wanne walilipa papo hapo. Saba walisema "tutaona," na safari hii kijana alijua maana yake.

Amenunua maturubai mawili tu, kwa arbuni hizo na akiba yake ndogo. Kama yatamlipa au la, mavuno yatasema. Kifaa chake kimetundikwa jikoni kwa dada, ambaye hukitumia akitaka mahindi kidogo ya githeri na kukisifu kila mara. Mtamba bado yuko zizini.

Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Ila, msomaji wangu, chagua swali. Jumapili njema.