Tamko la Mafundi wa Hita Dodoma Kuhusu Malipo ya Simu na Kadi

Baridi ya Dodoma hushika kuanzia Juni, Bunge la Bajeti likielekea ukingoni na nyumba za wageni zikiwa zimejaa. Hapo simu zetu hazitulii: hita haipashi, shawa inakata umeme, sola ya juu ya paa inavuja. Hapo pia ndipo ugomvi wa malipo huzidi. Chama chetu cha mafundi bomba na umeme wa majumbani kimekaa, kimejadili, na kinatamka haya kwa wateja na kwa wanachama wake.

Hela ya vifaa itengwe na hela ya ufundi. Malalamiko mengi yanayotufikia hayahusu kazi. Yanahusu fedha za vifaa zilizotumwa kwa fundi zikaishia kusikojulikana. Fundi aandike orodha: koili, brika, waya, valvu, kila kimoja na ukubwa wake. Mteja alipe dukani mwenyewe, kwa kadi ya benki kama duka lina mashine au kwa lipa namba ya duka, na risiti abaki nayo, maana bila risiti hakuna waranti. Aliye kazini Mtumba hana haja ya kufunga safari: fundi akifika kaunta ampigie, alipe kwa simu.

Wanaouliza kwa nini fundi hapokei kadi wajue kwamba wengi wetu hatuna mashine hiyo, na kwa kazi ya kubadili koili hatuoni sababu ya kuitafuta. Mfumo wa TIPS wa Benki Kuu ya Tanzania umeshaunganisha mabenki na mitandao ya simu. Mwenye fedha benki atalipa kutoka huko huko.

Kwa wanachama: kudai "weka na ya kutolea" bei ikiwa imeshakubaliwa ni marufuku. Tunajua tozo za miamala zilizoanza Julai 2021 zilivyotuumiza hata wengi wakarudi kwenye taslimu, lakini makato ni gharama ya fundi na yaingie kwenye bei tangu mwanzo. Namba ya kupokelea iwe na jina la fundi aliyeifanya kazi, si la shemeji. Katika nchi ambayo kila mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mteja akiona jina geni ana haki ya kusita.

Nao wateja waache kuomba muamala urudishwe kazi ikishakamilika. Maji ya visima vya Dodoma ni magumu. Koili tunazozitoa Area C au Nkuhungu huwa zimevaa ukoko mweupe, mgumu kama ganda la yai, na koili ya namna hiyo huungua hata kama fundi alifunga vizuri. Hita ikigoma, aitwe fundi aifungue mbele ya mwenye nyumba. Ikionekana kosa ni la ufungaji, atarudia bila malipo. Ikiwa ni chumvi, mteja atanunua koili na kulipia ufundi.

Kianzio kilipwe siku ya kuanza kazi. Salio lilipwe maji yakishatoka ya moto na brika ikiwa haijaanguka. Fundi asiondoke kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Asubiri wa kwake.

Mwanachama atakayekiuka ashtakiwe kwa uongozi.

Imetolewa Dodoma na uongozi wa chama.