Gari ni lako, mbona ufichwe geji zake?

Kama unaendesha Vitz, Demio au Fit, hebu angalia dashibodi yako vizuri leo jioni. Geji ya spidi iko, ya mafuta iko. Ya joto la injini je? Kwa nyingi ya gari hizi haipo. Utakuta taa mbili tu: ya samawati injini ikiwa baridi, na nyekundu mambo yakishaharibika. Hapo katikati uko gizani.

Kinachoniudhi ni kwamba gari lenyewe linajua. Kuna kihisi kinachopima joto kila wakati, maana kompyuta ya injini inahitaji hiyo nambari ndiyo ijue petroli ya kunyunyiza. Nambari iko. Ni wewe tu hujaonyeshwa.

Na hata ukiwa na geji, usijipe raha sana. Ukiwa na Volkswagen, unajua ile sindano hupanda mpaka 90 halafu inaganda hapo kama imebandikwa na gundi, hata joto halisi likicheza nyuzi kadhaa juu au chini. Imepangwa hivyo kiwandani. Mazda walifanya kali zaidi na MX-5. Kuanzia modeli ya 1995, sindano ya presha ya oili iliacha kupima, ikawa ni swichi tu. Presha ikiwepo ya kutosha kuigusa hiyo swichi, sindano inasimama katikati na kukutuliza moyo.

Watetezi wa mambo haya husema dereva akiona sindano inatikisika ataingiwa na wasiwasi na kukimbia gereji bure. Hiyo ni dharau. Mama anayekaanga mandazi anajua mafuta yakipata moto kupita kiasi, na hakuna anayemfichia karai.

Sasa, chini ya usukani wako kuna tundu la pini 16 linaloitwa OBD2. Marekani ililazimisha magari mapya ya abiria yawe nalo tangu 1996, na leo utalipata karibu kwa kila mtumba unaoshuka Mombasa. Wenye Volkswagen na Audi hutumia programu ya VCDS, wenye Ford wana FORScan. Unachomeka kebo, unafungua sehemu ya dashibodi, unabadilisha kodi, na kulingana na modeli, kilichokuwa kimezimwa kinawaka: joto la oili, joto la giaboksi, ama sindano zote kupanda mpaka mwisho na kurudi ukiwasha gari. (Hiyo ya mwisho ni ya kuringa tu, lakini nani amekataza?)

Vitz kwa kawaida haina geji ya kuamsha, tuseme ukweli. Lakini kifaa kidogo cha ELM327 na programu ya Torque kwenye simu vitakusomea ile nambari moja kwa moja. Kwa msee wa teksi za app mwenye gari la mkopo, hii si mchezo wa vijana. Gasketi ya hedi ikichomeka, ni siku bila kazi, na mwenye mkopo hakuulizi habari za injini.

Kuna mafundi wanaochomeka mashine dakika tano, wanafuta taa, wanakutoza, na ukiuliza imesema nini wananuna. Uliza tu. Mimi chuo niliacha, lakini kusoma 98 kwenye skrini hakuhitaji digrii.

Ukidhani watengenezaji watakuonea huruma, kumbuka BMW. Mwaka wa 2022 walianza kutoza ada ya mwezi katika nchi kadhaa kwa viti vya kupasha joto, vifaa vikiwa tayari ndani ya gari. Watu walipiga kelele, na 2023 wakaachana nayo.

Ukiamua kujaribu, piga picha ya kodi ya awali kabla ya kugusa chochote. Eabegi na breki usiziguse. Na anayekuambia atarudisha kilomita nyuma kwa laptopu hiyo hiyo, huyo ni mwizi, mkimbie. Kifaa nacho kichomoe ukipaki, kisije kikamaliza betri. Gari nyingi zikishapata moto hukaa kati ya 85 na 100. Ikipita 105 kwenye jam ya Mombasa Road na bado inapanda, zima AC, tafuta kando, zima injini. Kifuniko cha rejeta usikifungue mpaka ipoe kabisa.