Dawa Isiyo na Mwenyewe

Neno hataza limekuwa midomoni mwa wanasheria kwa miaka mingi, lakini darasani wanafunzi wangali wakilichanganya na hakimiliki. Hataza ni ulinzi ambao dola humpa mvumbuzi: kwa miaka 20, kwa mujibu wa sheria yetu ya mwaka 2001, hakuna mwingine aruhusiwaye kutengeneza wala kuuza uvumbuzi wake bila idhini. Kampuni za dawa hututajia hataza kila tunapolalamikia bei. Bei hiyo, husema, ndiyo inayolipia utafiti. Hoja hiyo ina ukweli wake. Je, hataza ikiisha muda, nani atalipia utafiti wa dawa ile ile?

Swali hili si la ng'ambo. Ukishuka kutoka Mamboleo kwa barabara ya Kakamega kuelekea mjini Kisumu, utafika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wangali wakiiita Russia. Hapo, mnamo 2015 na 2016, watafiti wa KEMRI na wenzao wa Liverpool na Marekani waliwashughulikia wagonjwa 141 wa malaria. Wote walipewa dawa ya kawaida. Baadhi yao wakaongezewa ivamektini, na wengine vidonge visivyo na dawa. Ivamektini si ngeni kwa wafugaji. Ilianza kuuzwa kwa ajili ya mifugo mwaka 1981, na tangu 1987 kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa wagonjwa wa usubi, ule upofu uenezwao na inzi wadogo wa mitoni. Mbu walipolishwa damu ya wagonjwa waliomeza ivamektini, walikufa kwa wingi, hata damu hiyo ilipotolewa siku 28 baada ya tiba.

Utafiti huo uligharimiwa na idara ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, pamoja na ushirika wa wanasayansi wanaopania kuangamiza malaria. Jaribio kubwa zaidi la Kwale lililipiwa na shirika la Unitaid. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2025, yalionyesha kwamba maambukizi ya malaria yalipungua kwa asilimia 26 miongoni mwa watoto, juu ya kinga ya vyandarua.

Mfanyabiashara hawezi kulaumiwa kwa kutokuwapo. Akitumia mamilioni kuthibitisha kazi mpya ya dawa kongwe, mshindani wake atauza kidonge kile kile kesho yake kwa bei ya chini. Wako wanaotaka kazi hiyo mpya nayo ipewe hataza. Sikubaliani nao. Mwenye duka la dawa hutoa kidonge kilicho rahisi, wala hapana askari wa kumwuliza mgonjwa anaugua nini. Isitoshe, sheria yetu hiyo ya 2001 imeyanyima hataza matumizi ya dawa dhidi ya maradhi ambayo Waziri wa Afya ameyatangaza kuwa ya hatari. Ilitungwa wakati dawa za UKIMWI zilikuwa ghali kupita uwezo wa wengi, na kifungu hicho kisiguswe.

Iliyobaki ni hazina ya umma. Sheria ya sayansi ya 2013 iliahidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti kila mwaka. Kiasi hicho hakijawahi kufikiwa. Tumezoea kukopa mifuko ya wageni, na mwaka 2025 Marekani ilipokatiza misaada yake mingi tuliona mazoea hayo yanavyogharimu. Mfuko wa Taifa wa Utafiti utenge fungu maalumu kwa majaribio ya dawa zilizokwisha hataza, na fungu hilo lisomwe kwa jina katika bajeti.

Bajeti husomwa kila Juni. Wabunge wa kaunti zinazolizunguka ziwa, ambako malaria imekithiri kuliko kwingine kote nchini, na waulizwe na walimu na wanafunzi wao: mwaka huu mmetenga shilingi ngapi?